Matangi Meupe

Asubuhi ile ya kipupwe, Nyamizi alichota kwa wavu vifaranga wa samaki waliokufa, huku ameziba pua. Mikia yao ilikuwa imetafunwa. Waliobaki walizunguka tangini kama vichaa, hawana pa kujificha, na wengine walikuwa bado wanadonoa mizoga ya wenzao.

"Bosi, tangu uyapake matangi rangi nyeupe, na baridi hii, hawatulii. Wanakulana."

Bwana Machumu, mwenye shamba, hakutazama hata majini. "Nyeupe ni usafi. Wageni wanakuja saa nne, wanataka kuwaona vizuri. Hiyo mizoga iliyooza kaifukie huko nyuma."

Alipoondoka, Nyamizi alitema mate. Akaburuta mapipa meusi ya zamani kutoka ghalani, akayajaza maji ya kisima, akawahamishia humo samaki wote walio hai.

Saa nne wageni waliinamia matangi meupe, matupu.

"Nyamizi!" bosi alifoka. "Samaki wako wapi?"

Nyamizi alikuwa ameinamia pipa, akiwatazama wakitulia na kushuka taratibu kwenye weusi wa chini, mpaka hakuonekana hata mmoja.