Kistari Mahali pa Uzito

Lupe aliikimbilia ndege iliyokwisha kuanza kutembea, kiatu kimoja mguuni, akipunga mikono kama anayefukuza kuku. Rubani alimwona, akazima injini. Lupe akainama akashika magoti. Ndani ya ndege ile alikuwamo mama yake mzazi, na kosa lilikuwa la Lupe peke yake.

"Imezidi uzito," akamwambia Bwana Feleti, meneja, aliyemfuata mbio kutoka ofisini. "Programu inadanganya, bosi. Nimeiharibu mimi."

Programu yenyewe aliiandika yeye. Abiria wa kwenda visiwa vya Ha'apai hupimwa mmoja mmoja, na uzito wa kila mtu hutokea kwenye skrini kubwa inayotazama foleni, kwa tarakimu za kusomeka hata na asiyetaka. Mama yake alikuwa amekuja mjini kumzika shangazi yake. Tangu siku hiyo hakuvua mkeka wa matanga, ule mpana unaofungwa mwilini kama nguo, kuanzia kifuani na kuishia karibu na miguu. Uso ulikuwa umepungua, lakini nani hapungui uso msibani?

"Mwanangu, ile skrini yenu," alimwambia Lupe asubuhi ile. "Usiniweke hadharani."

Lupe alicheka. "Mama, nani asiyekujua? Kanisani ukikaa, benchi zima limejaa!"

"Wewe cheka tu. Ila nifichie."

Angemkatalia vipi? Lugha ya kompyuta aliyotumia ni pole kupita kiasi: ukiipa neno mahali pa namba haigombi, mpaka uiwekee mlinzi wa kukagua kila kinachoingia. Lupe alimwondoa mlinzi huyo, ili karani aandike kistari tu na kwenye skrini kionekane kistari. Uzito wa mama angeujazia mwenyewe baadaye, kwa makadirio.

Hakumfikiria Siaosi, karani mwenye moyo laini. Mama alipoandikiwa kistari bila kukanyaga mzani, mwanamke mnene aliyekuwa nyuma yake alikiona.

"Na mimi niwekee hicho hicho, kaka. Kwani huyu ndiye malkia?"

Basi foleni nzima ikataka kistari, na Siaosi akawapa. Programu ikahesabu kila kistari kuwa si kitu. Wapakiaji walipoona ndege ni nyepesi, wakaongeza magunia ya saruji. Lupe aligundua alipofungua programu ajazie uzito wa mama yake.

Feleti hakumfokea, na hilo lilimuumiza Lupe zaidi.

"Mrudishe huyo mlinzi wako," alisema. "Wote washuke wapimwe upya, skrini ikiwaka. Mimi na wewe tutaongea."

Abiria walishuka wakinung'unika, lakini haikuchukua muda wakaanza kutaniana. Yule mwanamke mnene alipanda mzani akiwa amejishika kiuno. "Haya someni, wambeya! Nguruwe wa kutosha harusi mbili huyu!" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Mama yake Lupe alibaki mwisho.

"Mimi nitabaki, bwana," akamwambia Feleti kwa sauti ndogo. "Ndege iende tu."

"Hapana, mama. Tukipima tumemaliza. Na mkeka wako usivue, tunaheshimu msiba."

Lupe hakuweza kumtazama mama yake machoni. Alikuwa amehatarisha maisha ya watu wote hawa kwa ajili ya siri moja ndogo ya mama, na sasa siri yenyewe anaiuza mbele ya watu.

"Nisamehe, mama. Ni mara moja tu."

Mama akapanda. Foleni ikanyoosha shingo, yule mnene tayari ana utani mdomoni. Namba ikatokea: 38.

Lupe akakagua mistari yake ya programu. Mlinzi alikuwa mahali pake. Akazima mzani, akauwasha, akaugonga kwa kiganja. Kilo thelathini na nane, pamoja na mkeka wake.

"Umeharibika," akamwambia Siaosi. "Lete mwingine. Haraka, Siaosi, lete mwingine!"

Hakuna aliyecheka. Mama yake akanyoosha mkono kutoka chini ya mkeka, akamshika.

"Mashine ni nzima, mwanangu."