Shimo la Muhanga

"Cheti cha uzoefu, dada! Bila cheti huchimbi kisima hapa," alifoka Ngiri, karani wa bonde.

"Na nisipochimba, huo uzoefu nitaupata wapi?" Muhanga akamjibu. "Mimi, Fuko na Nungunungu tumeunda kikundi. Kucha tunazo."

"Kucha si karatasi. Nimeagiza wachimbaji wenye vyeti kutoka ng'ambo ya mlima."

Muhanga hakulia. Vijana wa bonde walikuwa wakihama kutafuta kazi, na wanawe wawili walikwisha kufunga virago. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Tembo, mtunga sheria.

"Sheria yangu inataka uzoefu," Tembo alisema, "nami siivunji kwa huruma. Nionyeshe kazi uliyoifanya."

"Twende ukaione, mzee."

Wakaongozana hadi kwenye shimo refu lililopitiwa na masika matatu bila kubomoka. Tembo akaingiza mkonga, akapapasa kuta, akaguna kwa kuridhika. Mara mkonga ukagusa pembe. Kumbe Ngiri alikuwa amejilaza mle ndani, nyumbani kwake, anapumzika baada ya chakula cha mchana!

"Nyumba hii alikuchimbia nani?" Tembo akauliza.

"Niliikuta tu, mzee."

"Ilijichimba yenyewe?"

"Aliichimba Muhanga," Ngiri akakiri.

Tembo akasimama mlangoni. "Basi toka, uandike sheria upya: kazi ya bonde hupewa kwanza kikundi cha bonde, na cheti chao ni kazi waliyokwisha kuifanya. Anza na jina la Muhanga."