Soketi ya Baba Mkwe

Kinyozi hajamaliza hata kupiga hodi, akashikwa mkono na kuvutwa ndani.

"Umefika! Tunakusubiri tangu asubuhi," mzee alisema, akimkagua. "Siku hizi mnakuja kazini mmevaa kama mnakwenda harusini?"

Kinyozi alitabasamu. Mchumba wake alikuwa amemwonya: baba ni mtu mgumu, hana haja na mkwe wa maneno matupu. Leo ndiyo siku ya kujitambulisha, na shati jeupe alikuwa amelipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, tazama hii."

Kwenye ukuta wa sebule, soketi ilikuwa imeungua hadi ikawa nyeusi tii. Swichi iliyokuwa juu yake ililia chri-chri kila ilipoguswa. Mezani palikuwa pamewekwa soketi mpya, swichi mpya, bisibisi, kisu na testa ya kupimia umeme.

Kumbe ndio mtihani wenyewe! Kinyozi akakunja mikono ya shati. Kule kazini kwake, mashine za kunyolea hushinda zimechomekwa ukutani, na soketi alikwisha kubadilisha nyingi.

"Swichi kuu iko wapi, baba?"

"Ya nini? Wenzako hufanya hivi hivi."

"Wenzangu wana roho ngapi? Umeme hauna undugu."

Mzee alicheka, akampeleka koridoni. Kinyozi aliijaribu testa kwanza kwenye soketi nzima, ikawaka. Ndipo akazima umeme wa nyumba yote, akamwomba mama, mke wa mzee, asimruhusu mtu yeyote kuuwasha. Akarudi na testa kwenye ile mbovu: kimya. Akazipiga picha nyaya kwa simu, kila mmoja mahali pake, kisha akaanza kulegeza skrubu.

Waya mmoja ulikuwa umeungua ncha. Aliikata, akaumenya upya, akaukaza kwenye soketi mpya, kisha akafunga na swichi mpya. Kila alipomaliza kukaza waya, aliuvuta kidogo aone kama umeshika. Jasho lilimtiririka, shati likachafuka vumbi la ukuta, naye hakujali.

"Mke wa huyu kapata mume," mama alimnong'oneza mzee, mnong'ono wa kusikika hadi jikoni.

Kinyozi nusura adondoshe bisibisi kwa furaha.

Umeme uliporudi, swichi mpya iliwasha taa bila kulia, na redio iliyochomekwa kwenye soketi mpya ikaanza kuimba. Mama akapiga makofi. Mzee akamshika kinyozi mkono, akautikisa kama anayechota maji kwa pampu.

Sasa au basi, kinyozi alijiambia.

"Baba, mama, naomba niseme kilichonileta. Nampenda binti yenu. Naomba baraka zenu."

Mzee alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama mzee.

"Binti?" mzee aliuliza. "Mwanangu, sisi Mungu alitujalia wavulana watupu. Mwenye binti ni jirani."

Kinyozi aligeukia dirishani. Ng'ambo ya ua, barazani kwa jirani, wajomba na mashangazi walikuwa wamemzunguka mwanamume aliyevaa ovaroli, sanduku la vifaa miguuni pake, mdomo umejaa chakula, naye akiitikia kwa kichwa kila alipoitwa mkwe.