Kidole Kwenye Kengele

Mzee Shaweji alikuwa amechoshwa na vijana wanaobonyeza kengele ya mlango wake na kukimbia. Mchana ule alimdaka mmoja wao, Kibwana, pale pale kibarazani, akamkaba ukosi wa shati na kupiga ukelele kwa neno pekee linalowatoa watu wa mtaa ule majumbani: "Mwizi!"

Wakatoka na marungu, michi na matofali. Hakuna aliyeuliza kaiba nini.

Mama Nasra, muuza vitumbua wa nyumba ya mkabala, akavuka barabara mikono ikiwa na unga, akasimama mbele ya kijana.

"Kaiba nini?"

"Tupishe, mama. Usituharibie kazi."

"Kazi! Sefu mlimuulia hapa hapa kwa ajili ya kuku, na jioni kuku akarudi mwenyewe. Mlidhani nimesahau? Mzee Shaweji, waambie watu wako huyu kaiba nini."

Mzee akajibu, "Kabonyeza kengele. Sasa ningepiga ukelele 'Kengele!', nani angetoka?"

"Haya, mmesikia."

"Hata kama! Atiwe adabu!" mwanamume mmoja akafoka, akainua rungu.

Mama Nasra akaweka kidole kwenye kengele, akakandamiza, wala hakukitoa. Kengele ikalia mfululizo.

"Nami nimebonyeza. Anzeni na mimi."

Rungu likabaki juu. Dada mmoja aliyekuwa na mchi akauegemeza ukutani, akapanda kibarazani, akaweka kidole chake juu ya kile chenye unga.