Kitabu Kimoja kwa Kila Nyumba

Kila nyumba inaruhusiwa kitabu kimoja tu cha algoriti, yaani kanuni za kuendesha mashine, na milango, majiko na mabomba yote hukifuata kwa miaka kumi. Binti yangu Mwanakheri, mwandishi wa programu, alituchagulia kile kinachosifu rundo: aliyefika mwisho ahudumiwe kwanza. Ikawa naomba maji ya kuoga alfajiri, wajukuu wanaomba baada yangu, naoga adhuhuri!

Mwezi uliopita miaka kumi ikaisha. Vitabu viwili vikawa mezani.

"Safari hii chukua cha foleni, mama," nikamwambia.

"Kizito mno, baba. Hiki chembamba kinafuta kisichotumika."

"Kisichotumika ndiyo nini?"

"Chochote ambacho hakijaitwa miezi mitatu."

"We mtoto! Mimi nikienda zangu Mpanda nakaa miezi minane!"

"Basi usiende," akasema, akabonyeza kukubali.

Begi langu liko mlangoni tangu siku hiyo. Kila asubuhi nasimama kizingitini nalitaja jina langu, Shomari Kitwana, lisije likafutwa, na mlango unafikiri kidogo kabla ya kufunguka. Jana ulifikiri mpaka miguu ikaniuma.