Nusu Eka ya Bibi Skolastika

"Muulize tena," alisema Bwana Hatibu, katibu wa chama. "Ana hakika ni huyu aliyemwahidi zahanati?"

Xaveri alimgeukia Bibi Skolastika, akamuuliza kwa Kiiraqw. Bibi hakujua Kiswahili, na katika ofisi ile ya chama mjini Babati hapakuwa na mwingine aliyejua Kiiraqw. Hata Diwani Eliakunda, aliyekuwa akijifuta jasho kwenye kiti cha pembeni, hakukijua; alikuwa mgeni aliyehamia Mutuka, kata ya akina bibi, wakati mkoa wa Manyara ulipoanzishwa. Wakati wa kampeni Xaveri ndiye aliyemzungusha nyumba kwa nyumba na kumtafsiria. Sasa uchaguzi mwingine ulikuwa unakaribia.

Bibi alijibu taratibu. Xaveri akatafsiri huku akitazama sakafu.

"Anasema aliambiwa zahanati itajengwa kabla ya mavuno. Akatoa nusu eka. Mpaka leo hajapanda kitu pale, anasubiri mafundi. Mwezi wa tatu mke wa mwanawe, Vailet, alishikwa na uchungu. Wakampakia kwenye pikipiki kumleta hospitali huku mjini. Akajifungulia njiani. Mtoto... mtoto hakulia."

Tangu wamzike yule mtoto, Xaveri alikuwa akizunguka njia ya mbali ili asionane na bibi. Ni yeye aliyemfikisha Eliakunda mlangoni kwake. Ni yeye aliyemsihi ampe kura.

"Sikuahidi zahanati!" Eliakunda alisimama. "Katibu, naapa mbele ya Mungu. Niliomba kura tu, nikaaga."

"Mkishapata kiti, wote mnasema hivyohivyo," alijibu Hatibu. "Watu walikichagua chama kwa maneno yenu. Safari hii asiyetimiza hagombei, awe yeyote."

Akavuta karatasi ya majina ya wagombea, akafungua kalamu. Halafu akasita.

"Bibi ana neno la mwisho?"

Bibi Skolastika alimtazama diwani kwa muda mrefu. Alimwona anavyotetemeka midomo, anavyotafuta mtu wa kumwamini mle ndani. Kisha akamgeukia Xaveri, akasema kwa upole, kwa ile lugha yao:

"Mjukuu wangu, siku ile huyu alisema maneno mawili matatu tu. Wewe ukanieleza mpaka chai ikapoa. Zahanati uliiongeza wewe. Nimekuja hapa nikusikie ukisema mwenyewe."

"Anasemaje?" aliuliza Hatibu.

Xaveri aliitazama kalamu ya Hatibu.

"Anasema ni huyuhuyu diwani," akatafsiri. "Anasema kata jina."