Mlio wa Nne

Mkadamu, mpimaji wa hewa, alikitoa kipimo chake chini ya kitanda cha mzazi, kilipokaa siku saba. Bi Somoe, mama mkwe wa mzazi, alimwangalia mikono kama anayemchunga mwizi wa kuku.

"Radoni haikuonekana," alisema Mkadamu. "Ile hewa mbaya itokayo kwenye mawe, ikajikusanya chumba kikifungwa."

"Haikuonekana, au haipo?"

"Mama, kipimo hiki hata pasipo na kitu hulia mara tatu kwa saa. Humu kimelia mara nne. Kwa udogo huo siwezi kutofautisha."

"Basi huo mlio wa nne ni wa nani?"

Mkadamu akajikuna kisogo. "Huenda ni wa kipimo chenyewe. Huenda ni wa radoni. Hata ikiwa ni yake, ni kidogo, haina neno."

"Kidogo kwako, mwenye mapafu kama magunia ya mkaa! Mjukuu wangu ana siku kumi na mbili tu."

Mpimaji akaaga. Bi Somoe akaligeukia dirisha alilolisokomeza matambara kwa mkono wake mwenyewe, upepo usimpige mzazi wala mtoto. Mji ule, kufungua dirisha kabla ya arobaini ni kusemwa mpaka mtoto aoe.

Akachomoa tambara moja. Upepo ukaingia, ukainua pindo la chandarua.

Mtoto akapiga chafya.

Bi Somoe akabaki na tambara mkononi, asijue aulaumu upepo au mawe.